Chupa ya Morfini na Vidonge vya Gereji



Katika toleo hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo huwa tunalinong'ona tu tukitoka kutembelea wagonjwa, nalo ni dawa kali za maumivu. Je, Mkristo anaruhusiwa kuzitumia? Je, ni haki kumnyima mgonjwa dawa kwa kuogopa kwamba itamtawala? Na je, ni haki kumwacha mtu aendelee kumeza vidonge kwa sababu tu anasema anaumwa? Mimi si daktari. Naandika kama mzee wa kanisa aliyekosea katika nyumba mbili ndani ya juma moja.

Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja wa ushirika wetu, hapa Gatsata, upande wa mlimani. Alikuwa na kansa ya kizazi, na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa sababu matibabu ya kuiondoa hayakuwezekana tena. Alirudi na chupa ndogo ya plastiki yenye morfini ya maji, pamoja na maelezo ya kuinywa kila baada ya saa nne. Nilipoingia nilimkuta ameuma ncha ya kitenge ili watoto wasisikie kilio chake. Chupa ilikuwa imefichwa chini ya nguo, ndani ya sanduku lile lile walilovuka nalo mpaka. Mume wake akaniambia, "Mzee, hiyo ni dawa ya kulevya. Hatutaki mama huyu aende mbele za Mungu akiwa mlevi." Nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye. Nikasema tuvumilie, maana hata Bwana Yesu alikataa divai iliyochanganywa pale msalabani. Tukaomba, nikaenda zangu.

Nyumba ya pili niliifikia siku tatu baadaye. Ni ya kijana anayebeba injini na giaboksi kwenye magereji yetu ya chini, upande wa kuelekea Nyabugogo. Mwaka jana chuma kilimwangukia mguuni, akapewa tramadoli ya siku tano. Siku tano zikaisha, mguu ukapona, lakini mgongo ukaanza kumwuma kwa mizigo, naye akakumbuka jinsi vile vidonge vilivyompa nguvu. Akavipata mahali ambapo hakuna aliyemwuliza cheti cha daktari. Sasa anameza asubuhi kabla ya kazi, anameza saa sita, na usiku anameza tena ili alale. Mke wake alinionyesha pakiti tupu chini ya godoro, akalia kwamba pesa ya unga na ya kodi ya nyumba inaishia humo. Nikamwambia kijana, "Acha dhambi hiyo, Mungu atakusaidia." Nikaomba, nikaenda zangu.

Nikiwa njiani moyo wangu haukutulia. Mmoja nilimnyima dawa aliyoihitaji. Mwingine nilimwacha na dawa inayomla. Nikaenda kwa muuguzi mmoja ninayemfahamu, nikamwuliza maswali mengi, nikasoma na vitabu alivyonipa. Hayo niliyojifunza ndiyo ninayowaletea leo.

Dawa hizi ni za namna gani?

Morfini, kodeini, tramadoli, pethidini, na hata heroini, ni jamii moja. Chanzo chake ni utomvu wa ua, utomvu uitwao afyuni, ingawa nyingine, kama tramadoli, hutengenezwa na watu viwandani. Zote hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, zikizima habari ya maumivu kabla haijatusumbua. Hazitibu kansa wala haziungi mfupa uliovunjika. Zinatuliza tu, lakini zinatuliza kweli.

Muuguzi alinifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayaita jina moja. La kwanza ni mwili kuzoea. Mtu akinywa dawa hizi kwa majuma kadhaa, mwili unazizoea, na akiziacha ghafla atatoka jasho, ataharisha, viungo vitamwuma na usingizi utamkimbia. Hiyo ni tabia ya mwili, haina dhambi ndani yake. La pili ni uraibu. Hapo dawa inakuwa bwana. Mtu anaitafuta hata inapomharibia kazi, ndoa na afya, anaificha, anadanganya kwa ajili yake, na hawezi kuiacha ingawa anataka. Mama yule mwili wake ungeweza kuzoea morfini na bado asiwe mlevi hata kidogo. Kijana yule amekwisha kuvuka mpaka wa pili.

Hofu yetu ina sababu

Msifikiri kwamba wanaoogopa dawa hizi ni wajinga. Wengi wetu tuna ndugu waliochukuliwa kwenda Marekani, nao wametusimulia juu ya watu wanaokufa kwa vidonge. Ni habari ya kweli, na inafaa tujue ilianzaje.

Mwaka 1980, Jane Porter na Dakta Hershel Jick wa Boston waliandika barua fupi ya sentensi tano katika jarida la madaktari. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi wakiwa hospitalini, walioonekana kuingia katika uraibu walikuwa wanne tu. Barua ilizungumza juu ya watu waliolazwa, walio chini ya macho ya wauguzi. Lakini miaka iliyofuata ilitajwa mara mamia, kana kwamba inathibitisha kuwa hata mtu aliye nyumbani anaweza kuzimeza miezi na miaka bila hatari. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge viitwavyo OxyContin, ikatuma wauzaji kwa madaktari kuwahakikishia kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba iliwapotosha watu kuhusu hatari hiyo, na malipo yakapita dola milioni 600. Mwaka 2020 ilikiri tena makosa ya jinai.

Katikati ya hayo, madaktari waliandika na kuandika. Mwaka 2012 vyeti vya dawa hizi kule Marekani vilipita milioni 250, karibu sawa na cheti kimoja kwa kila mtu mzima wa nchi ile. Aliyeng'olewa jino alipewa vidonge vya majuma. Aliyeumia mgongo kiwandani alipewa vya miezi. Milango ilipoanza kufungwa, wengi walikuwa wamekwisha kufungwa wao wenyewe, wakageukia heroini na baadaye fentanili, ambayo ni kali kuliko morfini mara nyingi. Mwaka 2021 zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa na madawa ya kulevya, na karibu 80,000 kati yao walikuwa na dawa za jamii hii mwilini.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2018 serikali ya Nijeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa ya kikohozi yenye kodeini, baada ya waandishi wa habari kufichua jinsi vijana walivyokuwa wakiinywa chupa kwa chupa. Na tramadoli imewaharibu vijana wengi wa Afrika Magharibi, hasa wale wanaofanya kazi za kutumia nguvu, kama kijana wetu wa gereji.

Lakini huruma nayo ina sababu

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la Lancet ilitoa hesabu yake. Waliona kwamba zaidi ya watu milioni 61 kila mwaka hupata mateso makubwa ya ugonjwa ambayo yangeweza kutulizwa. Kati ya tani 298.5 za dawa hizi zilizogawiwa duniani kwa mwaka, zikihesabiwa kwa kipimo cha morfini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Hizo ni kilo mia moja kwa mamilioni ya watu. Kwa hiyo dunia hii hii ina watu wanaokufa kwa kupewa mno, na watu wengi zaidi wanaokufa wakipiga kelele kwa kutopewa kitu.

Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo mapema. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda. Walichukua unga wa morfini, wakauchanganya na maji, wakautia rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, wakawapelekea wagonjwa hadi vijijini. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika morfini, kwa sababu madaktari walikuwa wachache.

Hapa Rwanda, sera ya taifa ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona ilitolewa mwaka 2011. Baadaye nchi ikaanza kutengeneza morfini ya maji humu humu, na wagonjwa hupewa bila malipo. Dawa haimfikii mgonjwa bila kupita mikononi mwa watu waliofundishwa, na mgonjwa hufuatwa. Tafakarini jambo hili. Mkono unaotoa ile chupa haupati faida yoyote kwa kutoa nyingi. Hakuna muuzaji anayezunguka kumshawishi daktari. Dawa ni ya jamii moja na ile iliyowaua watu Marekani, lakini njia yake si ile. Basi tusilete hofu ya Marekani kwenye kitanda cha mama wa Gatsata.

Maandiko yanatufundisha nini?

Kwanza, habari ya msalaba. Ni kweli kwamba Bwana alipewa divai iliyochanganywa, naye hakuinywa. Lakini angalieni ni nani aliyekataa. Ni yeye mwenyewe, kwa kikombe chake mwenyewe. Hakuna mahali alipomwambia mgonjwa aliyemjia, "Nenda ukavumilie." Aliwaponya. Mtu anaweza kuchagua uvumilivu kwa maumivu yake, akamtolea Mungu. Lakini hana haki ya kuchagua uvumilivu kwa maumivu ya mwenzake. Wazee wetu walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilisimama mlangoni na viatu vyangu miguuni, tumbo langu haliumi, nikamwamulia mama yule avumilie. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Pili, katika Mithali sura ya 31 mama wa mfalme Lemueli anamwonya mwanawe kwamba kileo hakiwafai wafalme, wasije wakaisahau sheria na kupotosha haki ya wanyonge. Lakini papo hapo anasema kileo kikali apewe aliye karibu kufa na mwenye uchungu moyoni. Kinywaji ni kile kile. Anayebeba wajibu wa wengine anaonywa, na anayekufa anahurumiwa. Maandiko hayasemi dawa hii ni safi au najisi. Yanauliza ni nani anayekunywa na ana hali gani.

Hapo wengine watasema: "Mzee, hata kijana wa gereji anaumwa. Mbona mama apewe, yeye akatazwe?" Ni swali la haki, na lilinisumbua siku nyingi. Jibu nililolipata ni hili. Maumivu ni mjumbe. Mgongo wa kijana unamwambia kwamba mzigo ni mkubwa kuliko mtu mmoja, kwamba injini ile inahitaji watu wawili au mashine. Kidonge kinamziba mjumbe mdomo, na mzigo unaendelea kuja. Anayefaidika ni anayeuza kidonge, na anayemlipa mtu mmoja kwa kazi ya wawili. Lakini maumivu ya mama yalikwisha kufikisha ujumbe wake wote. Daktari ameujua, yeye ameujua, sisi tumeujua. Hayakuwa na jambo jipya la kumwambia, yalikuwa yanamtesa tu. Kumnyamazisha mjumbe wa namna hiyo ni rehema.

Najua kuna walio katikati. Kuna mwenye risasi ya zamani pajani, kuna aliyekatwa mguu na bado anasikia vidole visivyokuwapo. Kuna pia mwenye maumivu ambayo hayaonekani kwenye picha ya hospitali, yule anayeamka usiku akisikia tena milango ikivunjwa kule Masisi au Minembwe. Huyu wa mwisho akipata kidonge kinachompa usiku mmoja wa amani, nani atamlaumu? Lakini kidonge hicho hakijui habari za Masisi. Kinazima usiku mmoja, na kesho kinataka viwili. Jeraha la namna hiyo linahitaji wa kulisikiliza, nasi ndio tuliopewa kazi hiyo.

Tatu, na hapa ndipo nilipohukumiwa kabisa, ni habari ya Msamaria katika Luka sura ya 10. Sote tunajua kwamba alitia mafuta na divai kwenye majeraha. Naam, alitumia dawa. Lakini hakuishia hapo na kuendelea na safari yake. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamtunza usiku ule, akalipa, akamwagiza mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kilichozidi. Atakaporudi! Tofauti ya huruma na biashara iko katika neno hilo. Waliouza vidonge Marekani hawakurudi kuuliza hali. Aliyemwuzia kijana wetu tramadoli hatarudi kuuliza hali. Nami katika nyumba zote mbili niliomba nikaenda zangu. Nilifikiri nimefanya makosa mawili, kumbe ni lile lile moja.

Kwa hiyo, ndugu na dada, dawa kali ikiingia nyumbani mwenu, jiulizeni maswali matatu. Nani ameamua itolewe, ni mtu aliyempima mgonjwa au ni jirani na muuzaji? Nani anapata faida ikitumika nyingi? Na nani atarudi kuuliza hali? Yakijibiwa vizuri, msiogope. Yakikosa jibu, ogopeni hata kama kidonge ni kimoja.

Mambo ya kufanya

Kwa wenye wagonjwa wa kansa na magonjwa kama hayo: msifiche chupa. Mpeni mgonjwa kwa kipimo na kwa saa, msisubiri alie kwanza. Dawa hii hufunga choo, basi ulizeni muuguzi dawa ya kulainisha. Maumivu yakizidi, msiongeze wenyewe, nendeni mkaeleze. Chupa iwekwe mbali na watoto, na ikibaki baada ya msiba irudishwe kituo cha afya, isigawiwe majirani.

Kwa waliopewa vidonge kwa ajili ya jeraha: mezeni kwa siku mlizoambiwa, kisha mwisho. Sisi wakimbizi tuna lawama yetu ya siku zote, "Wamenipa paracetamol tu," kana kwamba tumedharauliwa. Kidonge kikali si kipimo cha heshima. Daktari anayekupa kidogo na kukuambia urudi Jumatatu amekupenda kuliko yule anayekupa pakiti tano na kufunga mlango. Tusimlazimishe.

Msichanganye dawa hizi na pombe wala na vidonge vya usingizi, maana pumzi inaweza kukatika usingizini. Tramadoli ikizidi inaweza kuleta kifafa. Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe tramadoli wala kodeini, na mama anayenyonyesha asimeze bila kumwuliza daktari. Ukimkuta mtu haamki, anavuta pumzi polepole sana na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, piga 912 uombe ambulansi, usimwache peke yake.

Kwa aliyekwisha kutawaliwa: usiache ghafla kwa kiapo cha madhabahuni. Nenda kituo cha afya, useme kweli, upunguze polepole kwa msaada. Hospitali ya Ndera, na kituo chake cha Icyizere kule Kicukiro, huwapokea watu wenye shida hii. Maombi na matibabu havigombani.

Kwa kanisa: tusiwataje watu hawa kwenye ushuhuda wala kisimani. Anayejua kwamba siri yake itafika kwa wamama wote kabla ya Jumapili hatasema, ataficha pakiti chini ya godoro.

Nilirudi nyumba ya kwanza jioni ya siku ile niliyoongea na muuguzi. Nilimwomba radhi mume wa mama yule mbele ya watoto, naye akafungua sanduku. Usiku ule mama alilala. Asubuhi aliomba uji, akawaita binti zake wawili, akawaambia mambo ya nyumbani ambayo alikuwa hajapata nafasi ya kuyasema, kwa sababu maumivu yalikuwa yamechukua nafasi yote. Alikaa nasi majuma matano. Hakufa mlevi. Alifa akitujua kwa majina.

Habari ya kijana siwezi kuwaambia mwisho wake, maana haujafika. Amekwenda kituo cha afya mara mbili, mara ya tatu hakwenda. Mashemasi wawili wamekubali kupokezana kumtembelea, na ndugu mmoja fundi anamtafutia kazi ya kukaa, ya kusafisha na kupanga spea. Mgongo wake bado unauma. Jumamosi hii baada ya umuganda nitapita kwake tena. Nami nawaomba, kila mmoja wenu afikirie mlango mmoja ambako aliomba akaenda zake, arudi.

Bwana aliye tabibu wetu awatunze wagonjwa wetu, awafungue waliofungwa, na atupe miguu ya kurudi. Amina.